Mapato ya Cheche

Nyumbani
Tarehe 11, mwezi wa tatu

Kimbaumbau wangu,

Hujambo? Unakula? Usinijibu "nakula, Bibi" ili ninyamaze. Nataka kujua unakula nini na saa ngapi, maana ulipokuja mara ya mwisho nilikukumbatia nikadhani nimekumbatia ufagio. Mimi mzima. Magoti yanalia nikiinuka, yanalia nikikaa, sijui yanataka nini. Fundi Cherehani, mpangaji wangu, ndiye anayeniandikia kama kawaida, na anakusalimu. Ananiambia nipunguze maneno kwa sababu karatasi ni yake. Nimemwambia chumba ni changu.

Sasa sikiliza. Siku ya Jumanne tarishi alileta bahasha. Nikadhani ni wale watu wa maji. Fundi akaisoma, akaisoma tena. Ni ya baba yako. Jina lake lote, lile la shuleni ambalo hata mimi mama yake hulisahau kwa vile dunia nzima ilimwita Cheche, limepigwa chapa pale juu kama jina la waziri. Inatoka ofisi ya kodi. Wanasema ana namba yao, na kila mwenye namba lazima ajaze ritani kila mwaka, na yeye hajajaza tangu aondoke. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi wa sita.

Fundi alisikitika. Mimi nilipiga kigelegele.

"Bibi, hii ni faini!" akasema.

Nikamwambia iwe hata kifungo. Huu mwaka wa saba tangu mwanangu abebe mashine yake ya kuchomea vyuma aende huko kwenye ujenzi wa daraja. Ujumbe mmoja kwamba amefika salama, basi, kimya. Mjomba wako alikwenda kumfuata akakuta mafuriko yamekata barabara. Akapiga simu kwenye kampuni, wakasema hawana mtu wa jina hilo. Nikamkataza yeyote asiende tena kuniletea majibu ya namna hiyo. Tangu hapo majirani wakiniona na kumkumbuka Cheche wanaanza kuzungumzia mvua. Leo kuna ofisi nzima, ina walinzi na feni, inasema mwanangu yupo na ana kazi ya kufanya. Mtu haandikiwi barua kama hayupo.

Ila hiyo ritani ndiyo nini? Mimi darasani sijaingia hata kwa kufagia. Wewe umesoma. Nieleze polepole, na usinipigie simu ya Fundi. Simu inanikatikia kabla sijamaliza kukugombeza, barua nasomewa mara mbili.

Bibi yako akupendaye mpaka anakereka

*

Kiwandani
Tarehe 29, mwezi wa tatu

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo. Nakula asubuhi saa moja, mkate na yai, kwa sababu kiwanda kinatuachia mayai yaliyopasuka. Jioni wali na chochote. Mwambie Fundi Cherehani nimepokea salamu.

Bado niko chumba cha kumulika. Mayai yakishakaa kidogo kwenye mashine ya kutotolesha, tunazima taa, na mimi ninaweka yai moja moja juu ya tochi. Lenye kifaranga linaonyesha mishipa myekundu, kama ramani. Lisilo na kitu linang'aa tupu, na hilo ninalitoa, maana likiachwa linaoza na kuharibu mengine. Wenzangu wanasema nina jicho. Nadhani nina subira tu.

Ritani, Bibi, ni kuiambia ofisi ya kodi kwamba mwaka uliokwisha ulipata hiki na hiki. Mwenye duka anajaza. Fundi wa kujitegemea anajaza. Hata mimi niliyeajiriwa, ninayekatwa kodi kabla mshahara haujanifikia, lazima nijaze. Mwaka ule wa kwanza nilidhani kukatwa kunatosha, nikala faini. Na mwenye namba ambaye hakupata hata senti naye anajaza, anaandika sifuri. Wote kabla mwezi wa sita haujaisha. Anayepona ni aliyekufa peke yake, na huyo pia mtu wake anamjazia ya mwisho, mpaka siku aliyofariki, ndipo namba inafungwa.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza, nenda ofisini umjazie sifuri, uombe wasamehe ya miaka ya nyuma. Wanaikubali kutoka kwa mama mtu ukieleza.

Ya pili ni hii, na nakuomba usinikate kauli. Mtu akipotea miaka mingi hivi, mahakama inaweza kutamka kwamba amefariki. Bibi, barua ile haisemi Baba yupo. Ni mashine, inatuma kwa kila namba isiyojibu. Kila fomu ninayojaza kazini, pale penye baba, naandika "hajulikani alipo", na kila mara karani ananiangalia. Nimechoka. Nataka kumlilia baba yangu. Tangu nikiwa na miaka kumi na sita nimebanwa na kilio na wewe hujaniruhusu.

Mjukuu wako,
Kimbaumbau

*

Nyumbani
Tarehe 20, mwezi wa nne

Kimbaumbau,

Hujambo. Mimi sijambo. Hiyo ilikuwa adabu, sasa tugombane.

Neno hilo la mahakama usiniandikie tena. Fundi alipolisoma nilimwambia arudi nyuma asome ya mayai.

Nimekwenda ofisini kwao. Nilivaa gauni la harusi ya mjomba wako ili wasinione wa kuokota. Foleni ndefu, watu wamekumbatia bahasha zao kama wagonjwa wanaosubiri majibu. Nikafika dirishani. Karani ni mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni.

"Mwenye namba yuko wapi, mama?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Angekuwa karibu ningekuja mimi na magoti haya?"

Akabofya bofya. "Mwaka jana alipata kiasi gani?"

"Sijui."

"Basi tunaweka sifuri."

"Sifuri ya nani?"

"Ni kawaida tu, mama. Asiyepata kitu anaandikiwa sifuri."

"Wewe mwanao akikaa bila kukupigia simu, unamwandikia sifuri?"

Foleni ilicheka. Yeye hakucheka. Alivaa miwani, akanitazama, akasema nirudi nikiwa tayari, mlango uko wazi mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Kwa kweli hakunidharau. Ningependa anidharau, ningepata pa kumalizia hasira.

Sasa nielewe wewe, msomi wangu. Cheche nilimzaa mimi. Alishika nyundo kabla meno ya mbele hayajaota mara ya pili. Alipovunjika mguu alichomea mageti akiwa amekaa kwenye kiti, anaimba kwa ile sauti yake ya mbuzi mpaka wateja wanaomba wakasubiri nje. Hakuna mwaka aliomaliza mikono mitupu. Na mimi nisimame mbele ya watu niseme mtu kama huyo amekaa mwaka mzima hakupata hata cha kununulia chumvi? Watu wa sifuri wako wa aina mbili, mvivu na maiti. Mwanangu si mvivu.

Na kuhusu kulia. Katika nyumba hii hautandikwi mkeka wa msiba kwa mtu ambaye sijamwona amelala. Ukitaka kulia, lia kwa sababu nyingine. Zipo nyingi.

Ritani nitajaza. Mama wa stesheneri pale kona ana kompyuta, na huwa namfulia mapazia. Kwa hiyo tulia, usihangaike na mahakama zako. Nimekasirika lakini nimekutumia blanketi kwa kondakta wa basi la asubuhi. Lichukue kabla hajalizoea.

Bibi yako, ambaye bado hajamaliza

*

Kiwandani
Tarehe 9, mwezi wa saba

Bibi yangu,

Shikamoo. Hali yako? Magoti? Mimi nipo. Blanketi nimelipata, linanuka sabuni yako, sijalifua.

Nisamehe kwa maneno yangu. Kondakta ameniambia umeshajaza ritani ya Baba kabla ya siku ya mwisho. Nashukuru sana. Najua kuandika sifuri ile kulikuuma. Wakati mwingine kitu kinauma halafu kinapoa.

Ila ameniambia jingine. Anasema sasa unafua mashuka ya gesti ya stendi. Yote. Kwamba amekuona alfajiri unapiga pasi ya mkaa na kamba zimejaa uwanja mzima. Bibi, si ulisema unaacha, ubaki na nguo za majirani tu? Mikono yako ile? Unapungukiwa nini? Niambie mimi.

Mjukuu wako,
Kimbaumbau

*

Nyumbani
Tarehe 2, mwezi wa nane

Kimbaumbau wangu,

Hujambo? Mimi mzima, na kondakta ana mdomo kama tundu la panya, kila kitu kinaingia na kutoka.

Nafua mashuka kwa sababu nataka bati. Paa linavuja juu ya chumba changu, si unajua, pale kwenye ndoo. Nikipata bati nitaacha. Mikono ni yangu, nimeitumia tangu kabla ya kondakta kuzaliwa na haijawahi kumwomba msaada.

Ritani imekwenda vizuri. Mama wa stesheneri anasema kila kitu kimekubaliwa. Tusiizungumzie.

Je, umepata mchumba au bado unamulika mayai? Fundi Cherehani anauliza, si mimi. Mimi ndiye niliyemwambia aulize.

Bibi yako

*

Kiwandani
Tarehe 3, mwezi wa saba

Bibi! Bibi yangu!

Shikamoo, shikamoo mara nyingi. Kaa chini kwanza. Fundi Cherehani, tafadhali mkalishe kabla hujaendelea. Nimepiga simu yako siku tatu haipatikani, ndiyo maana nampa kondakta barua hii mkononi.

Nina kosa la kukueleza kabla ya habari njema. Mwaka umezunguka tangu unikataze mahakama, nami sikuitaja tena, lakini sikuacha. Nilipokwenda kujaza ritani yangu siku ile ya mwisho wa mwezi nilibeba na namba ya Baba. Nilitaka kuuliza karatasi gani zinahitajika ili namba yake ifungwe. Nilikusudia kukuficha mpaka mwisho. Nisamehe.

Bibi, karani aliitazama ile namba akaniuliza, "Unataka kumfunga mtu anayelipa?"

Nikamwambia hajanielewa. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Mwaka jana, na mwaka huu tena: jina la Baba, kazi fundi wa kuchomea vyuma, mahali pa kazi darajani. Na mapato! Mapato, Bibi, ya fundi anayefanya kazi mwaka mzima. Na kodi yake imelipwa yote.

Nikasema, Bibi yangu alijaza sifuri. Akasema, hapa hakuna sifuri popote.

Basi ni yeye. Nani mwingine? Wewe uliandika sifuri, yeye akaja akaifuta na kuandika kazi yake. Yuko kulekule. Labda aliumia, labda ana aibu, labda ana familia nyingine, sijali. Awe na wake saba. Ulikuwa unasema kweli miaka yote hii na mimi nilitaka kumzika baba yangu akiwa mzima, kwa sababu ya fomu! Ulipaswa kunipiga.

Msimamizi amekataa kunipa ruhusa. Nimeacha koti langu juu ya msumari na ninakwenda. Basi la kuelekea darajani linaondoka kesho asubuhi. Nitakuletea. Hata kama hataki, nitamvuta sikio.

Nikiwa chumba cha kumulika leo niliona mishipa kwenye kila yai. Hata matupu.

Mjukuu wako,
Kimbaumbau

*

Nyumbani
Tarehe 5, mwezi wa saba

Kimbaumbau,

Usiende.

Sina salamu. Kama uko hapo, vua viatu, kaa, usiende. Fundi anaandika haraka, simu yake iliingia kwenye ndoo ya mashuka yangu na imekufa. Kila kitu nilichogusa mimi kimekufa.

Ni mimi, mjukuu wangu. Si yeye. Ni mimi bibi yako mjinga.

Mama wa stesheneri alifungua kile kioo chake akaniuliza, niweke sifuri? Nikamwambia hapana. Nikamwambia weka mapato. Akasema mapato gani? Nikakaa nikahesabu kama mama anavyohesabu. Mwezi huu wa mvua, kazi kidogo. Mwezi huu watu wanajenga, mageti mengi. Mwezi huu atakuwa aliugua, nikampumzisha wiki mbili. Nikamfanyia mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, nikiona kabisa anavyochomea, miwani ile nyeusi, cheche zinamrukia kifuani. Mama wa stesheneri akasema, Bibi, ukiandika hivi kuna kodi ya kulipa. Nikasema ndiyo, mtu anayefanya kazi analipa kodi. Nikalipa. Mashuka ya gesti ndiyo hayo. Mwaka huu tena.

Sikutaka kumdhulumu mtu. Niliona hivi: wakimwona analipa, hawatamfungia namba. Na kila nikipiga pasi shuka najisemea, hii ni ya Cheche, huyu ndiye aliyenituma. Nilikuwa na furaha, unajua? Nakuapia. Niliamka alfajiri kama mtu mwenye mtoto wa kumwandalia chai.

Sikujua kwamba karatasi ile ingekufikia wewe. Sikujua kwamba ingekupandisha basi.

Nimempa kondakta barua hii na nimemwambia akimbie. Kimbaumbau, kama unanisikia, nisubiri hapo. Nitakuja mimi. Nitakuja na magoti haya.

Bibi yako

*

Darajani
Tarehe 14, mwezi wa saba

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa. Kutoka kwako sijapata barua yoyote, kwa sababu niko mbali na kiwanda. Naandikia kwenye meza ya mama wa chai, mwanamke anayeuza chai kwenye mdomo wa daraja. Ameniazima kalamu.

Kambi haipo tena. Pamebaki sakafu za saruji na majani. Kwa siku za mwanzo niliuliza kwa jina la Baba, lile la shuleni, kila mtu akatikisa kichwa. Nikauliza kwa Cheche, vilevile. Mwishoni nilikaa hapa kwa mama wa chai kwa sababu miguu ilikataa. Akaniuliza namtafuta nani. Nikamweleza ni fundi wa kuchomea, mrefu, anaimba akiwa kazini.

"Anaimba vizuri?"

"Vibaya sana."

Akaweka birika chini. "Mrefu," akasema. "Sisi tulimwita Mrefu. Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa kambi."

Alichukuliwa kibarua wa kutwa, Bibi. Vibarua hawakuandikwa majina, waliitwa walivyoonekana. Ndiyo maana kampuni ilimwambia Mjomba hawana mtu huyo. Alipewa kazi ya kuchomea vizuizi vya pembeni, vile vya kushika mtu asianguke. Alimaliza upande wa kulia wote. Alipoanza wa kushoto mto ukajaa. Waliambiwa watoke, wakatoka, yeye pia alitoka. Halafu akarudi kuchukua mashine yake, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, si ya kampuni, na alisema hawezi kwenda nyumbani bila hiyo. Jukwaa likaondoka naye.

Walimpata chini kwenye kona ya mto, maji yalipopungua. Mama wa chai alimfunika kwa shuka lake. Walimzika kwenye kilima nyuma ya kambi pamoja na wengine wawili. Nimefika. Kuna mawe tu, lakini yamepangwa vizuri. Ilikuwa mwaka uleule, Bibi. Mvua ileile. Muda wote huo alikuwa hapa.

Nimevuka daraja nikiwa nimeshika vizuizi vya kulia kwa mkono. Mshono wa Baba naujua, magamba madogo yamelaliana, na mwisho wa kila mshono ameacha tone moja, ile tabia yake. Kila nguzo ina tone. Upande wa kushoto kachomea mtu mwingine, mshono mbaya.

Baadaye nikakaa kwenye jiwe nikajiuliza, aliyelala hapa anajazaje ritani? Anatoka vipi kwenda kulipa kodi? Nikawaza wezi, nikawaza makosa ya mashine. Halafu nikawaza mashuka.

Bibi, bati ziko wapi?

Nimecheka peke yangu pale, watu wanapita wananitazama. Kisha nikalia, Bibi. Sikukuomba ruhusa. Sijui nikukasirikie au nikubebe mgongoni. Siku kumi baba yangu alikuwa hai kwa sababu yako, nikamnunulia soksi njiani. Bado ninazo kwenye mfuko.

Ofisa wa hapa ameandika maneno ya mama wa chai, na atanipa karatasi ya kifo. Nitapitia kiwandani kuchukua koti langu, kama halijatupwa, halafu nije. Kama utanifungulia.

Mjukuu wako,
Kimbaumbau

*

Nyumbani
Tarehe 24, mwezi wa saba

Mjukuu wangu,

Hujambo? Leo nauliza kwa sababu nataka kujua.

Hii naituma kiwandani, uikute ukichukua koti. Ile yangu ya kwanza ukiikuta nayo hapo, usiisome. Umeshaijua yote.

Barua yako nilisomewa mara moja tu. Fundi alitaka kurudia, nikamwambia imeingia. Nilikuwa na shuka mkononi na pasi ya moto, nikalimaliza kwanza, maana lingeungua na si langu. Nikalikunja. Nikamwambia Fundi avae viatu, tunakwenda kwenye ofisi ya kodi.

Foleni ilikuwa fupi, siku ya mwisho imeshapita. Yule wa miwani alikuwepo.

"Mama wa fundi," akasema. Kumbe ananikumbuka.

"Nimekuja kusema nilidanganya. Yale mapato niliyatunga mimi. Mwanangu alikufa."

Kimbaumbau, neno hilo sijawahi kulitoa kinywani, wala usiku peke yangu, wala nikiwa na homa. Mara ya kwanza nimelisemea dirishani, na mtu nyuma yangu anatafuna karanga.

Yule mwanamke alitoka ndani, akazunguka mlango, akaniletea kiti chake mwenyewe. Hakuniuliza nilidanganya kwa nini. Alisema karatasi ya kifo ikifika watafuta zile za uongo, na kilicholipwa kinaweza kudaiwa. Nikamwambia sikidai. Nilikuwa mama wa mtu anayefanya kazi, miaka miwili, na hilo nililipata.

Halafu akasema kuna moja imebaki, ya kweli. Ritani ya mwisho, ya mwaka ule, mpaka siku aliyofariki. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alipata kiasi gani, mama?"

"Sijui. Lakini safari hii najua si sifuri."

"Kazi aliyofanya?"

"Upande wa kulia wa daraja."

Akasema kwenye fomu yao hakuna mahali pa kuandika kitu kama hicho. Akakiandika hata hivyo, kwa penseli, pembeni, asije akasahau mpaka ulete karatasi.

Bati hakuna. Panavuja palepale, na ndoo ni ileile. Mashuka nimeyarudisha gesti. Shati lake la Jumamosi, lile ambalo nalipiga pasi kila wiki na wewe unajifanya huoni, nimelitoa kwenye msumari. Ukija utalivaa wewe, litakuvaa mara mbili kwa wembamba huo. Soksi zilete. Nitazishika mimi.

Mkeka nimeutandika sebuleni. Fundi Cherehani ametoa mashine yake nje ili watu wapate pa kukaa, na ukiona karatasi hii imelowa, ni yeye, mimi nilikuwa mbali nayo. Mama wa stesheneri yuko hapa. Majirani wote wamekuja. Hakuna anayezungumzia mvua.

Sijaanza. Wananiangalia wakisubiri nianze, nami nimewaambia nasubiri mtu. Njoo, mjukuu wangu. Mlango nimeutegeshea jiwe usifunge. Usipige hodi, ingia tu, uanze wewe. Nilikukataza muda mrefu, kwa hiyo uanze wewe.

Bibi yako